Hedifoni za Nyongeza

Kwanza tuelewane: mimi si mzee wa kuonewa huruma. Nina magoti mabovu, meno ya kuhesabu na mdomo mzima. Kabla ya kustaafu nilikuwa opareta wa simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine lazima upitie kwangu, nichomeke waya huku, nichomeke waya kule, ndipo msalimiane. Sheria ya kazi ilisema ukishawaunganisha watu, toka kwenye laini. Mimi nilikuwa natoka, ila natoka polepole.

Kwa hiyo mambo ya nyumba hii hayanipiti. Tunaishi wanne: mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa lifti, mkewe ambaye ni nesi wa zamu, na binti yao wa darasa la tano. Huyo binti nilimwita Chiriku tangu alipoanza kusema, maana akianza hana kituo. Kwa utani namwita mke mwenzangu. Tunagombania marehemu babu yake, yeye anadai alipendwa zaidi, na mwenyewe hayupo wa kuamua kesi.

Mchana nyumba ni yetu wawili. Baba mtu yuko juu ya lifti za watu, mama mtu yuko wodini. Chiriku alikuwa akirudi shule anavua sare, anakula, anapanda kitandani kwangu, na mimi natoa karata ndani ya foronya ya mto. Ndiyo, ndani ya foronya. Mkwe wangu hataki hata kuzisikia, kwake karata ni kamari iliyovaa nguo za watoto. Tunacheza, Chiriku anapayuka habari zote za shule, nani kapigana na nani, mwalimu gani kavaa soksi tofauti, na mimi namshinda. Nashinda kwa sababu naiba. Haiwezekani mtu mzima ashindwe na mtoto kwenye kitanda chake mwenyewe, hata adabu hairuhusu.

Sasa jirani yetu wa geti la kijani akanunulia watoto wake kompyuta yenye magemu. Salaale! Mtaa mzima wa watoto ukahamia kule. Chiriku akawa anarudi shule, anatupa mkoba, "Bibi, nakuja sasa hivi," na huyo hatumwoni tena mpaka taa za barabarani ziwake. Nilikaa kitandani na karata zangu nikicheza peke yangu, na ukicheza peke yako hata kuiba hakunogi, unamwibia nani? Nyumba ikawa kimya mpaka nasikia friji ikipumua. Iliniuma. Naisema wazi maana sipendi watu wa kuzunguka zunguka: nilimtaka mwenzangu arudi.

Jioni moja tukiwa mezani mwanangu akasema, "Huyu mtoto amekuwa wa nyumba ya pili. Bora tumnunulie kompyuta yake, tuwe tunamwona."

Chiriku akaacha kutafuna.

"Sawa," akasema mkwe wangu, "lakini iwe laptopu ndogo, ya masomo. Nikienda zamu naifungia kabatini, nikirudi naitoa. Magemu, kidogo tu wikendi."

Chiriku akaendelea kutafuna, lakini polepole, kama anayekula dawa. Na mimi kichwani nikaanza kupiga hesabu zangu. Laptopu ikifungiwa kabatini, mtoto atarudi geti la kijani. Isipofungiwa, ataibeba kwapani aende nayo anakotaka. Vyovyote vile mimi nabaki na friji. Nilichohitaji ni kompyuta isiyo na miguu, kitu kizito, kikikaa kimekaa. Na kikae wapi? Mimi ndiye mwenye meza.

Kesho yake asubuhi nikajitanda, nikachukua mkongojo wangu wa kuombea nafasi kwenye foleni, nikaenda kwa muuza kompyuta wa barabara ya juu. Ni kijana mmoja mnene, mcheshi, duka lake limejaa kompyuta zilizotolewa maofisini, zimepangwa mpaka darini.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nina mjukuu anapenda magemu, na wazazi wake hawana hela za kuchezea. Nipe ukweli."

Akanipa. Alisema kwa bei ya laptopu ndogo mpya, utapata laptopu inayofungua gemu kwa kukohoa. Lakini kwa bei hiyohiyo anaweza kutupa kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, ambayo ndani bado nzima, akaiongezea ramu na kadi ya picha, na mtoto akacheza mpaka achoke yeye kabla haijachoka yenyewe. Tena ikiharibika kitu kimoja unabadilisha hicho kimoja. "Laptopu ikizeeka, imezeeka yote," alisema, akanitazama, akaona aibu. "Samahani Mama."

"Endelea tu. Hiyo ya mezani ni nzito?"

"Nzito kidogo."

"Mtoto anaweza kuibeba kwenda nayo kwa jirani?"

"Na kioo chake na waya zake? Thubutu."

"Basi kesho nakuja na familia yangu. Uwaambie hayohayo uliyoniambia. Ila mimi hunijui."

Kijana akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama, wateja wananiomba kila siku niwaongopee watu. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba niseme ukweli kwa kificho."

Ikabaki soketi. Sebuleni kuna moja nzuri, karibu na runinga, na pale pangefaa sana kuweka kompyuta. Kwa hiyo jioni ile nilipokwenda kuchomeka pasi, nikaruka. "Yalaa! Imenipiga!" Mwanangu akaja mbio, akaniangalia vidole, akasema ataikagua Jumamosi. Nilikuwa nina uhakika hataigusa. Feni ya jikoni kwake mwenyewe aliahidi kuitengeneza tangu Chiriku anatambaa. Mganga hajigangi, na fundi wa lifti ndiyo kabisa. Akabandika kipande cha plasta juu ya soketi, akatangaza isiguswe na mtu.

Dukani kesho yake tuliingia kama ukoo wa mahari. Muuzaji akanisalimia kwa heshima ya mtu asiyenijua, tena akazidisha, mpaka nikamkanyaga kidogo. Mwanangu macho yakaenda moja kwa moja kwenye laptopu moja iliyokuwa inawaka taa za rangi zote chini ya vibonye. Akaipapasa. Akauliza bei. Akairudisha mahali pake kwa mikono miwili. Mkwe wangu alikuwa ameshashika kilaptopu kidogo cha kijivu, anapima kama kitaingia kwenye droo ya kabati. Chiriku amesimama katikati, mikono nyuma, anawaangalia watu wazima wakiamua maisha yake.

"Hiyo ya kijivu ni nzuri kwa kuandika," muuzaji akasema. "Kwa gemu itamliza mtoto. Njooni muone."

Akawasha gemu moja kwenye ile ya kijivu. Mtu wa kwenye kioo akainua mguu, akafikiri, akaushusha. Chiriku akafumba macho. Kisha muuzaji akawasha gemu lilelile kwenye kompyuta ya mezani, dude jeusi lenye mikwaruzo na alama ya karatasi ya ofisi iliyobanduliwa vibaya. Mtu yuleyule akaruka ukuta, akabingirika, akakimbia. Chiriku akasema "Ah!" na ile "Ah" ilitoka tumboni.

Halafu yule kijana, Mungu amzidishie, akachukua bisibisi akafungua ubavu wa dude. Mwanangu akachutama. Ukimwonyesha skrubu umemmaliza. Akaanza kuuliza feni hii inapoza nini, waya huu unakwenda wapi, ramu inaongezwaje, na katika muda wa kunywa chai ile laptopu ya taa ilikuwa imesahauliwa.

Akabaki mkwe wangu. "Hili dude nitalifungia wapi?" akauliza. "Nikienda zamu si atacheza mpaka asubuhi?"

Hapo ndipo nilipokohoa.

"Liwekeni chumbani kwangu," nikasema, kinyonge, kama mtu anayejitolea figo. "Meza ninayo, soketi yangu haina cheche. Nitakuwa askari wake. Homework kwanza, ndipo gemu."

Mkwe wangu ni mtoto wa watu, kalelewa. Hawezi kumkatalia mama mkwe mbele ya mwenye duka. Alinitazama kidogo, nikatazama dari. "Sawa Mama," akasema. "Lakini makelele ya magemu hayatakusumbua?"

"Kwani hakuna nyongeza?" nikamgeukia muuzaji. "Tumekubebea dude lililokushinda kuuza, unatuacha tuondoke mikono mitupu?"

Akainama chini ya kaunta, akatoa hedifoni zisizo na boksi, zile kubwa za kufunika masikio yote mawili. "Hizi bure, Mama. Zimekaa hapa siku nyingi, mkizijaribu mkaona zina kasoro, rudisheni nitawapa nyingine."

Nilitoka pale nimeinua kidevu. Nimeshinda mechi nzima na hakuna aliyeniona nikigusa mpira.

Siku ya kwanza Chiriku alirudi shule akikimbia. Akaja moja kwa moja chumbani kwangu. Moyo wangu ukaruka. Akamaliza homework pale mezani, akawasha dude, akavaa hedifoni, akanigeuzia mgongo. Na ikawa hivyo. Kimya. Nilikuwa nimemrudisha mtoto mpaka kwenye chumba changu, hatua moja kutoka kitandani kwangu, na hakuwepo.

Mimi hedifoni nazijua, nimezivaa ujana wangu wote. Zetu za kazini zilikuwa za sikio moja, lingine tunamwachia msimamizi atugombeze. Lakini hizi za siku hizi zinaziba kotekote. Mtu akishazivaa hizo, amesafiri.

"Hedifoni zinafanya kazi?" baba yake alimuuliza jioni. "Au nizirudishe dukani?"

"Nzuri kabisa, Baba."

Nzuri kabisa! Nikashindwa hata kumaliza chai yangu.

Basi nikaanza kuongea na ule mgongo. Mtu asiyesikia ni mtu mzuri sana wa kuongea naye, hakukatizi. Kila mchana naye anapigana na maadui zake kwenye kioo, mimi nimelala kwa ubavu nashusha yangu yote. Nilimweleza njama ya dukani, kuanzia mkongojo mpaka kumkanyaga muuzaji. Nilimweleza soketi haina cheche hata moja. Nilimweleza kwamba turufu naificha chini ya paja la kushoto, na kwamba nikisema "hebu niangalizie kama jiko limezimwa" huwa nachungulia karata zake. Na siku moja, sijui ilikuwa mvua ile, nikamwambia na lingine. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mimi sikutaka kompyuta. Nilikutaka wewe na domo lako. Ukiondoka humu ndani najisikia kama laini iliyochomolewa." Nikafuta pua kwa shuka. Yeye akaendelea kubofya, japo nakumbuka mtu wake wa kwenye kioo alikufa kifo cha kijinga dakika ileile, alitembea tu mwenyewe akaingia shimoni.

Kesho yake uvumilivu ukaniishia. Ile soketi yangu iko chini ya meza, swichi yake inaelekea kitandani. Nikashusha mguu taratibu, nikanyoosha kidole gumba, tak. Kioo kikawa cheusi.

"Mama yangu wee!" nikasema. "Umeme umekatika! Shirika hili litatuua."

Chiriku akavua hedifoni. Akatazama kioo. Kisha akainua macho juu, akatazama feni ya dari yangu, ambayo ilikuwa inazunguka bila wasiwasi wowote. Akaitazama kwa muda. Mimi nikaitazama pia, ningefanya nini?

Akainama, akawasha swichi, kompyuta ikaanza kunguruma kuamka. Nikajua nimekwisha. Lakini badala ya kurudi kwenye kiti, akapanda kitandani, akaingiza mkono ndani ya foronya, akatoa karata, akachanganya.

"Gawa wewe," akasema.

Sikuuliza kwa nini. Anayepewa haulizi. Nikagawa, nikapata turufu nzuri, nikaipeleka chini ya paja la kushoto kama kawaida. Chiriku akacheza kana kwamba ana macho ya kuona kupitia nyama. Kila nilipotaka kuitoa, alishaniwekea mtego wake. Akanishinda. Nikasema ni bahati. Tukacheza tena. Nikamwambia, "Hebu niangalizie kama jiko limezimwa." Akashuka, akaenda na karata zake mkononi, akarudi, akasema, "Limezimwa, Bibi." Akanishinda tena.

Ndiyo kwanza naanza kununa, mlangoni kukagongwa.

"Hodi humu!"

Mkwe wangu! Ametoka zamu mapema! Chiriku akafunika karata kwa shuka na kukaa juu yake. Lakini ile shuka ilikuwa imevimba, na mfalme mmoja ametoa pua nje. Macho ya mkwe wangu yangeanzia pale. Nikafanya kitu ambacho magoti yangu bado yananidai: nikarukia kiti cha kompyuta, nikajivika hedifoni, nikashika kipanya, nikakodolea kioo. Gemu huwa linafunguka lenyewe dude likiwaka, na mtu yuko uwanjani ananisubiri. Nikabofya. Akarusha ngumi.

Mlango ukafunguka. Sikugeuka, mimi si nimesafiri?

Sikio la kulia muziki unapiga ngoma na panga. Sikio la kushoto nikasikia kanda mbili za mkwe wangu zikiburuzika sakafuni. Nikasikia mkoba wake ukiwekwa chini. Nikasikia anacheka, kicheko kile cha kuziba mdomo. Nilisikia vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, maana upande wa kushoto wa zile hedifoni ulikuwa umekufa, kimya kabisa. Na upande wa kushoto ndio uliotazama kitanda changu.



"Bibi yako anacheza gemu?" mkwe wangu akamnong'oneza mtoto.

"Ananisaidia kupita hatua," akasema Chiriku.

"Muache acheze. Tangu dude hili lije amechangamka. Nilikuwa naogopa sana, nikirudi namkuta kakaa tu na kitanda chake." Akamsogelea. "Sikiliza, na usimwambie. Ile soketi ya sebuleni ni nzima. Baba yako aliipima usiku uleule. Tukaona kama bibi anataka kompyuta chumbani kwake, mwacheni awe nayo. Anajiona mjanja, masikini."

Masikini! Mimi! Nilibofya kipanya kile mpaka mtu wangu akampiga ngumi rafiki yake. Nilitaka kugeuka niseme mawili matatu, lakini ningegeukaje, mtu asiyesikia anajibu nini? Nikakaa na mgongo wangu, nimeumbuka na macho yamenilowa kwa wakati mmoja, na hata sijui lipi lilikuwa linazidi. Miaka yote ile nimesikiliza watu wakidhani hakuna anayesikia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mkwe wangu akaniinamia, akanigusa bega kwa upole, akasema kwa sauti ya kupigia kelele viziwi, "SHIKAMOO MAMA!"

"Marahaba!" nikafoka na mimi. "Karibu! Sikukusikia!"

Akatoka akicheka, akafunga mlango. Kanda mbili zikaishia jikoni. Nikavua hedifoni taratibu, nikazigeuza mikononi, nikapiga piga ule upande wa kushoto kwa kidole. Nikaanza kukumbuka kila nilichouambia ule mgongo. Njama. Muuzaji. Paja. Shuka niliyofutia pua.

"Tangu lini limekufa hili?" nikauliza.

"Tangu dukani," akasema Chiriku. Alikuwa anakusanya karata, yule mfalme kampangusa vumbi.

"Na baba yako alipokuuliza ukasema nzuri kabisa. Si angekubadilishia?"

Akaniangalia, akashangaa kabisa, kama nimeuliza kwa nini watu wanakunywa maji.

"Sasa ningekusikiaje?"

Nikarudi kitandani nikishikilia goti, nikakaa mahali pangu, nikainua paja la kushoto ili mwenyewe aone hakuna kitu pale.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu mke mwenzangu, na akaanza kugawa.